Udongo wa Bi Ghaniya

Himid alianza kumjua Bi Ghaniya mwaka 1998, alipokwenda kwake katika kijiji cha Samad Ash Shan, Omani, kutaka kununua udongo. Mjini Ibra watu walikuwa wakijenga majumba, kila mmoja anataka bustani, na udongo mwema ulikuwa kwenye mashamba ya mitende. Bi Ghaniya, mjane mzaliwa wa Unguja, alikuwa na kishamba kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, na binti yake, Lamya, alikaribia kuolewa bila ya chumba cha kumweka yeye na mumewe.

"Niuze udongo? Watanicheka, mwanangu. Mtu huuza tende."

Himid alisoma Kigoma, na jiografia ilimkaa kichwani. "Mama, iko nchi huko Pasifiki, Nauru. Kisiwa kizima unakizunguka kwa gari kahawa haijapoa. Mji mkuu hawana, lakini wana bunge la watu kumi na wanane, na hao ndio wanaomchagua rais. Wanachimba ardhi yao, fosfeti ya mbolea, wanawauzia wakulima wa ng'ambo. Kodi hawalipi, matibabu bure."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Na ikisha hiyo ardhi, watakula nini?"

"Wameweka akiba, mama."

Uongo hakusema. Alinyamazia tu kwamba katikati ya kisiwa pamebaki majabali matupu, chakula huletwa kwa meli, na akiba yenyewe inavuja. Biashara ni biashara, alijiambia. Anayeuza ndiye wa kuuliza.

Bi Ghaniya akakubali. Malori yakachota udongo baina ya mitende mpaka mizizi ikawa nje. Kiangazi cha pili mitende yote ikakauka.

Mwaka 2001 Himid alipita kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Ghaniya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Akaleta kahawa na tende. Huko Samad mgeni hulishwa tende za shamba la mwenyeji. Hizi zilikuwa kwenye kisanduku cha plastiki, kibandiko cha bei kingali juu yake. Bi Ghaniya alikitua akiwa ameinamisha uso.

"Nisitiri, mwanangu. Za dukani."

Himid akala moja. Kahawa ya kwanza tu, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Aa, mara hii? Haya, na wale watu wako wa Nauru, hawajambo?"

"Hawajambo, mama," alisema, macho kwenye mkeka.

Bi Ghaniya alipata chumba cha Lamya, dirisha lake linatazama shimo. Himid alipata nyumba Ibra, na mlangoni mndimu uliostawi kwenye udongo wa lori la mwisho. Wageni wakizisifu ndimu zake, huwabadilishia mazungumzo. Huko Samad hapiti tena.