Mtuhumiwa Aliyenipa Mgongo

Watu wa kwetu wakisikia kwamba nasomea uzamivu wa saikolojia ya mambo ya mahakama, huniuliza swali moja tu: sasa hapo utakuwa unatibu au unafunga? Zamani nilijieleza taratibu. Siku hizi nawaambia sitibu wala sifungi. Nakaa na mtuhumiwa, naongea naye, kisha naieleza mahakama kama akili yake inafaa kusimama kizimbani. Anayebisha namwacha abishe. Nilikuwa nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili miaka mingi kabla ya kurudi darasani na mvi zangu, na maneno ya watu nilishayazoea.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ilinikuta Singida mjini, kwenye mafunzo ya vitendo. Ilikuwa ya mwisho. Nikiimaliza, nabaki na kuandika tasnifu tu. Mtuhumiwa alikuwa kijana mfugaji wa upande wa Ikungi. Alishtakiwa kwa kumuua jirani yake kwa fimbo, ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye shamba la alizeti. Tangu akamatwe alikuwa mtu wa maneno machache mno, hata kwa wakili wake, na wakili akaomba apimwe akili. Mahakama ikakubali, na mimi ndiyo nikaingia hapo.

Wengi hudhani mtuhumiwa akionekana mgonjwa amepata bahati. Siyo hivyo. Tukisema akili yake haimruhusu kufuata kesi, kesi inasimama na yeye anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo, mbali na kwao, akae mpaka apone. Aliye mgonjwa kweli, huko ndiko kunakomfaa, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigania aende. Lakini asiyeumwa atapona nini? Atakaa tu. Hana hukumu, hana tarehe ya kutoka, na yaliyotokea pale shambani hakuna atakayemuuliza.

Nilimkuta kwenye chumba kidogo cha gereza, afande amesimama mlangoni. Kijana akanipa shikamoo mama, vizuri kabisa, kichwa kimeinama. Nikafurahi. Nikaona nimtoe woga, nikaacha Kiswahili nikamsalimia kwa Kinyaturu, nikamweleza na kwetu: Mwankoko, ukoo fulani, babu yangu ni mzee fulani. Tumefundishwa kujenga ukaribu kwanza, nami nikajenga. Kijana akainuka kwenye benchi, akageukia ukuta, akavuta kola ya shati mpaka masikioni. Hakusema neno tena.

Nilirudi kesho yake, nikarudi tena na tena. Akisikia sauti yangu tu, anageuka. Nikimsogelea, anajibana kwenye kona. Nikimuuliza leo ni siku gani, kimya. Nikimuuliza kama anajua ameshtakiwa kwa nini, kimya. Afande akaniambia wao huwa anawajibu, ingawa kwa mkato, ila kwangu mimi ndiyo amegoma kabisa. "Labda anakuona umekuja kumtoa roho," akanitania. Sikucheka. Iliniuma, maana katika kazi hii kitu ninachojivunia ni kwamba watu hunifungukia.

Msimamizi wangu, daktari bingwa wa magonjwa ya akili, mtu wa Tanga anayefanya kazi Dodoma, alinifuatilia kwa simu. Mimi nachunguza, yeye anathibitisha na kusaini. Ni mwalimu mzuri, lakini ana tabia moja inayonikera: mpaka leo ananiita sista, utadhani bado nagawa dawa wodini.

"Sista, una mtu haongei, hakutazami, anajifunika, na amebadilika ghafla bila sababu," akasema. "Unasubiri nini tena? Andika, nisaini. Mahakama Kuu inakuja kukaa hapo si muda mrefu."

Nikamwambia sijaridhika. Akaniuliza sijaridhika na nini. Swali hilo likanipandisha hasira. Nikamwomba anivumilie mpaka Jumatatu, akakubali huku akiguna.

Jumamosi nikaenda Mwankoko kwa kaka yangu. Niseme hapa kwamba mimi nilikulia Manyoni. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, majirani walikuwa wa kila kabila na kila dini, na nyumbani tulichanganya lugha tulivyopenda. Kinyaturu nakijua, ila mila nyingine nilizisikia tu kwa mbali. Halafu nimezaa wavulana watupu.

Nilikuwa nimekaa uani na wifi yangu tunapiga alizeti kwa fimbo, mbegu zinaruka kila upande, naye ananicheka nilivyosahau kazi. Mara pikipiki ikasimama barabarani. Akashuka kijana na kiroba begani, mume wa binti yao mkubwa, ambaye sikuwa nimemwona tangu harusi. Wifi akatupa fimbo, akajifunika kanga usoni, akapotelea nyuma ya nyumba. Yule kijana naye alipotuona akasimama palepale, akatugeuzia mgongo, akatazama barabara na kuanza kumwita kaka yangu.

Mimi nimekaa, mdomo wazi.

"Wewe shangazi mtu, mbona umeganda hapo?" wifi akaninong'oneza toka pembeni ya ukuta. "Unataka mkwe asimame juani mpaka jioni? Toka."

Sikutoka. Nilikuwa nautazama ule mgongo: mabega yamepandishwa, shingo imeingizwa ndani ya kola. Nilishautazama mgongo wa hivyo wiki nzima na kuuandika kama dalili.

Kijana alipoondoka nikamkamata wifi kwa maswali. Je, ni mama mzazi wa mke tu? Akasema hapana, mwanamke yeyote wa ukoo wa mke wako aliye rika la mama yake ni mkwe wako, unampisha, humtazami. Hata kama hamjuani? Ukoo ni ukoo, akasema, mkishatajiana tu basi. Na mkwe akikuuliza swali mkiwa uso kwa uso chumbani, utamjibu? Wifi akanitazama kama niliyekunywa kitu.

"Amjibu mkwewe uso kwa uso? Hapo sasa ndiyo angekuwa na wazimu."

Jumatatu asubuhi nikafungua jalada. Mke wa mtuhumiwa, kwao Mwankoko. Jambo hilo lilikuwepo tangu mwanzo na nililisoma. Nilikuwa nimefurahi tu kwamba tunatoka sehemu moja. Nikampigia simu yule mke, nikajitambulisha, nikamuuliza ukoo. Akanitajia ukoo wangu. "Kumbe ni wewe shangazi," akasema, na sauti yake ikalegea. Akaniambia mume wake ni mzima kabisa, ni mpole tu, na wakwe anawaheshimu kupita kiasi. Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa kwanza.

Nilijua ninachotakiwa kufanya na nilijua kitanigharimu nini. Ndugu hapimi ndugu. Nikitoka kwenye kesi hii haihesabiki tena kwenye mafunzo yangu, na kuisubiri nyingine ni kurudi nyuma mwaka mzima. Mume wangu alishachoka kuniuliza namaliza lini. Nikapiga moyo konde nikampigia msimamizi, nikamweleza yote.

Alicheka mwanzo, cheko la kweli. "Basi wewe umeshatoka kwenye kesi," akasema.

"Najua."

"Pole, sista. Mimi nitaandika kwamba uchunguzi haukuwezekana. Watampeleka hospitali wamwangalie kwa muda."

"Atafika huko na maelezo yanayosema hajibu, hatazami, anajifunika," nikamwambia. "Nani atayafuta? Ataanza siku ya kwanza akiwa mgonjwa. Njoo wewe umwone. Wewe ni mwanaume, huna ukoo huku, na Kiswahili anakijua."

"Nina wodi nzima hapa."

"Na mimi nina mtu mzima tunayetaka kumwita mgonjwa. Halafu mimi siyo sista. Usipokuja, nitaiandikia mahakama kila nilichokuambia leo, na nitasema nilikuambia wewe."

Akaniuliza basi la asubuhi kutoka Dodoma linafika Singida saa ngapi, na gerezani aulizie nani.

Siku aliyokuja sikuingia ndani. Nilikaa kwenye benchi la wageni nje ya geti, na upepo wa Singida ulivyo, nilishika kitambaa kichwani muda wote. Walikaa mpaka nikaanza kusikia njaa. Msimamizi alipotoka alikuwa anafuta miwani kwa tai yake.

"Mzima," akasema. "Ameongea mpaka mimi nimechoka. Kazi ya jaji anaijua, ya wakili anaijua, shtaka analijua kuliko sisi." Akavaa miwani. "Ameniuliza kama yule mama amekasirika."

Sikumuuliza kijana alimweleza nini kuhusu ile siku ya shambani, naye hakuniambia. Haikuwa kesi yangu tena. Tulikwenda kula, akanilipia kuku wa kienyeji na ugali, na mezani akaniita sista mara mbili. Nilimwacha.

Nilidhani yule mke atafurahi. Alinipigia usiku wa siku ripoti ilipopelekwa, na hakunisalimia.

"Shangazi, wamesema ni mzima, atasimama mahakamani. Ni wewe uliyewaambia?"

Nikasema ndiyo, ni mimi niliyeanza.

"Wale wa hospitali wangemlisha, angekuwa hai. Huku ni kesi ya kuua. Mimi nilikuwa naomba Mungu wamwone kichaa."

Nikamweleza mambo ya hospitali, kwamba haina tarehe, kwamba mwanaume wake angezeeka bila kuulizwa kilichotokea. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kuulizwa ndiko kutakakomuua," akasema.

Nilimwambia nitakuja mahakamani na nitakaa naye, na kama mambo yataharibika anilaumu uso kwa uso. Usiku ule sikulala vizuri, lakini sikujuta. Niliogopa, basi. Kuogopa na kujuta ni vitu viwili.

Mahakama ilipokaa, nilikaa naye benchi la nyuma kabisa, nyuma ya mwanaume mmoja mnene, ili yule kijana asinione. Wakili wake, ambaye sasa alikuwa na mteja anayeongea, alikuwa ameshakutana na upande wa mashtaka. Kosa likabadilishwa likawa la kuua bila kukusudia. Jaji akamuuliza mwenyewe kama anakubali. Ndipo nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu ile shikamoo. Alisema marehemu alimpiga kwanza, yeye akaanguka, akainuka na kumpiga marehemu kichwani, na hakutaka afe. Jaji akamuuliza kwa nini hakusema hivyo kule polisi.

"Waliniuliza kama nimemuua," akasema. "Nikasema ndiyo. Hawakuniuliza kingine."

Alifungwa miaka kumi. Ndugu wa marehemu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Mimi mwaka uliofuata nilianza kesi nyingine mkoa mwingine, mtu asiye wa kwetu kwa upande wowote, nikaimaliza.

Lakini siku ile, baada ya hukumu, yule mke alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama na mtoto wake mchanga kifuani. Nilisimama mbele yake nikisubiri anilaumu kama tulivyopatana. Alimpangusa mtoto mdomo, akaniuliza baba yake akitoka, huyu atakuwa darasa la ngapi. Tukahesabu pamoja kwa vidole, tukakosea, tukaanza upya. Tukapata la nne.