Maharagi Chini ya Kikwembe

Mucheke tu, hata mimi nimecheka mupaka mbavu zinauma. Binti yangu amezaa mapacha kule Walikale, na mimi, koko yao, juzi nikapata nafasi katika ndege kadogo ya muzungu mumoja. Sisi wa Masisi hatuendi kuona muzazi mikono mitupu. Lakini muzungu akatupima wote kwenye mizani, akaniambia, "Mama, mawingu iko mengi kule milimani. Ndege ikilemewa haitapanda. Acha ule mufuko ya maharagi."

Mufuko nikauacha. Maharagi, hapana! Nikaenda nyuma ya nyumba ya mabati pale uwanja ya ndege, nikayafunga yote tumboni kwa kikwembe, nikarudi natembea kama mwenye mimba ya mapacha vilevile. Muzungu alikuwa anatazama mawingu, hakuniona.

Tukaruka. Ukungu ikafunika milima, mvua ikapiga kioo, ndege ikalia lakini kupanda ikashindwa. Nikaona miti ya kilima karibu kugusa magurudumu! Muzungu hakubishana na mulima. Akageuza ndege, akaturudisha chini Masisi.

"Iko muntu hapa amenidanganya," akasema. "Wote kwenye mizani tena!"

Jasho ikanitoka. Nikamupaazia muzungu sauti: "Ni shetani huyo, Papa! Aliingia ndani ya ndege. Tuombe kwanza!"

Wote wakainama, hata muzungu akavua kofia. Na mimi nikainama sana, kama mukristo wa kweli, na fundo ya kikwembe ikafunguka. Maharagi yote ikamwagika juu ya viatu ya muzungu, na amina ilikuwa bado.