Nilivyofagia bustani yangu mpaka ikaungua na jua, Kisangani wakati wa rebellion

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu wote, wenye mashamba ya heka na wenye mchicha kwenye ndoo mbili barazani.

Nimesoma wengi wenu mnalalamika kwamba jua linamaliza mboga. Leo nawapa ya kwangu. Sina faida ya kudanganya, maana katika kisa hiki mjinga ni mimi.

Na kuandika hivyo si rahisi kwangu. Mimi nimetoka chini kabisa. Shule niliishia mwaka wa tano wa primaire. Nilianza na baiskeli moja ya toleka, yaani teksi ya baiskeli, nikibeba watu hapa Kisangani mpaka makalio yakaota sugu. Leo nina maduka mawili ya vipuri vya pikipiki pale Makiso na nyumba ya matofali ya kuchoma, na hakuna tonton, yaani mjomba, aliyenipa hata msumari. Anayebisha aje, nitamlipia bia akiwa anabisha.

Bon. Turudi wakati wa rebellion.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Boti za Kinshasa hazipandi mto tena. Barabara ambazo wanavijiji walizitumia kuleta mboga kwa baiskeli zimefungwa na askari. Unazunguka soko asubuhi nzima, unatoka na fungu moja la majani yaliyonyauka, kwa bei ya kuku.

Katikati ya hayo, mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, Feza.

Maziwa hayakutosha. Mtoto ananyonya, analia, ananyonya, analia. Nilikuwa naweza kuhesabu mbavu zake kwa macho. Mama mkwe akavuka mto kuja kumtunza binti yake, akasema dawa ni moja: mchuzi wa majani kila siku. Matembele, lenga-lenga (ndiyo mchicha wenu huo), na samaki mdogo akipatikana.

Majani hayo yalikuwa mahali pamoja tu, bustani yangu nyuma ya nyumba. Hatua kumi kwa sita. Donc maziwa ya mtoto wangu yalikuwa yanaota pale.

Na ilikuwa Januari. Wasioijua Kisangani wanadhani huku ni mvua tu. Mvua ikikatika wiki tatu, jua linashuka kama limetumwa na mtu anayekudai.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Kwetu uwanja wa nyumba ni udongo mtupu. Unafagiwa alfajiri mpaka ufagio unaacha mistari. Jani moja likilala hapo, wapita njia wanasema nyumba hiyo haina mtu. Pia nyoka hapati pa kujificha. Kwa kufagia nilikuwa bingwa wa mtaa, na sijifichi.

Nikasema, kama uwanja unang'aa, bustani nayo ing'ae. Nikafagia katikati ya mboga. Kila jani kavu, kila nyasi, nje. Nikakata na migomba miwili iliyokuwa inaleta giza. Bustani ikawa kama ofisi ya mkubwa.

Maji ya bomba hayakuwepo. Nilikuwa nayafuata mtoni Tshopo kwa baiskeli, bidon (madumu) sita kwa safari moja. Sita! Wanaojua baiskeli watanielewa. Asubuhi na jioni askari walikuwa wananyang'anya baiskeli njiani, kwa hiyo nilikwenda mchana wakiwa wamelala kivulini. Nikifika, namwaga papo hapo, jua likiwa utosini.

Baada ya wiki moja udongo ulikuwa sahani iliyopasuka. Maji yanateleza juu yanakimbilia kwa jirani. Matembele yakakunja majani kama ngumi. Lenga-lenga ikaanza kufa mstari baada ya mstari.

Na kila alfajiri nikakuta uchafu! Maganda ya mpunga yametapakaa chini ya mboga zangu, na matawi ya michikichi yamechomekwa kama uzio wa kichaa.

Nikafagia maganda yote. Matawi nikayapeleka jikoni kama kuni. Mama mkwe akayapikia, kimya.

Kesho yake tena, maganda na matawi. Nikafagia. Siku ya tatu tena. Damu ikapanda.

Nikaenda kwenye uzio kumwita jirani yangu Papa Aruna, fundi cherehani.

"Papa Aruna! Unanitupia takataka kwa nini? Tulikosana wapi?"

"Takataka gani?"

"Maganda ya mpunga!"

"Weye uko mzima? Mimi niko fundi ya nguo. Ningekutupia vitambaa!" Akachungulia juu ya uzio, akaangalia bustani yangu. "Na hii jangwa yako, hata mbuzi atapita tu bila kusalimu."

Wateja wake wakacheka. Nikamjibu maneno ambayo hapa moderator atayafuta.

Sasa, lazima niwaeleze jambo la kwetu. Mama mkwe, tunamwita bokilo, na mkwe wake hawaongei ana kwa ana. Hamtazamani usoni, hamli pamoja. Ni heshima. Mkiwa na neno, linapitia kwa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mke wangu, lakini siku hizo alikuwa analala mchana, amechoka kabisa.

Basi nikiwa bado nabwata kwenye uzio, nikasikia sauti mlangoni. Bokilo amenipa mgongo, amembeba Feza begani. Anaongea na mtoto wa wiki tano.

"Feza, ambia papa yako aache kutukana watu. Maganda niliyaleta mimi, kule kwenye mashine ya mpunga."

Nikaushusha ufagio chini.

"Umwambie tena, udongo ni kama wewe. Ukiulaza uchi kwa jua, utakufa. Mimi ninaufunika, yeye anaufunua. Ninaweka kivuli, yeye ananiletea kuni. Mara tatu! Nikafikiri labda papa yako anataka mama yako akauke."

Papa Aruna kule kwenye uzio akasema, "Ayiii."

Na mimi nikamgeukia mtoto (koko kwetu ni bibi).

"Feza, mwambie koko wako kwamba papa hakujua."

"Feza, mwambie papa yako sasa anajua. Na maji ya mchana ni supu, mboga hazinywi supu. Ayaweke kivulini, amwage jua likishuka, tena chini kwenye shina."

Alors, sikungoja. Nilipanda baiskeli na magunia mawili mpaka kwenye mashine ya mpunga, nikayajaza maganda, yalikuwa ya bure. Nikayatandaza mwenyewe, unene wa viganja viwili, nikiacha shina lipumue. Nikachomeka matawi ya michikichi upande wa magharibi, ambako jua la alasiri linapiga. Jioni nikamwaga bidon mbili tu. Mbili zilitosha pale ambapo sita zilikuwa zinapotea!

Nusu ya lenga-lenga haikurudi, siwadanganyi. Lakini matembele yalifungua majani siku ya nne. Ya saba tulivuna. Mke wangu alikunywa mchuzi asubuhi na jioni, na wiki hiyo hiyo nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mtoto azaliwe: Feza ameshiba, amenyamaza. Nilikaa uwanjani nasikiliza ule ukimya. Wakati mji mzima unaogopa milio ya risasi, mimi nilikuwa nakula ukimya kama mkate.

Majirani wakaja kuomba mbegu na kuuliza nimefanyaje. Na mimi, wakuu, nilisema ni akili yangu. Bokilo alikuwa ndani, anasikia kila neno. Hakunikanusha hata mara moja. Alikohoa tu.

Miaka yote hii mtaa mzima unaiita "mbinu" yangu. Mpaka leo.

Nilichojifunza: funika udongo, usiufagie. Mwagilia jioni. Kivuli kikae upande wa magharibi. Na mtu wa nyumbani kwako akirudia kitu mara tatu bila kusema, kaa chini ujiulize kabla hujaenda kugombana na fundi cherehani.

Bokilo yuko hai, amezeeka, yuko hapa kwetu kutibiwa macho. Bado hatuongei ana kwa ana. Feza sasa ni mama wa watu, na jioni hii nimempa simu amsomee koko wake uzi huu kutoka juu mpaka chini. Mimi nimekaa nje, nasikia anasoma. Kafika pale niliposema ni akili yangu, na kikongwe anacheka mpaka anakohoa.

Wekeni comment zenu, na mboga za kwenu mnazifunika kwa kitu gani wakati wa joto. Feza atamsomea zote. Mniseme mkitaka, lakini bokilo mumpe asante, maana ya kwangu imechelewa.