Wimbo Tuliouita Tata Yaija

Mwezi uliopita nilikwenda Bukoba kwenye harusi ya mtoto wa shangazi. Ukumbi ulikuwa Bakoba. Chakula kikachelewa kama kawaida, na mshereheshaji, ili watu wasianze kuulizana nyama iko wapi, akatuletea mchezo. Anasoma vidokezo vya wimbo uliotamba zamani, bila kuupiga, na kila meza inabuni ni wimbo gani. Vijana wa meza yetu walishaficha simu chini ya kitambaa, wanatafuta majibu huku nyuso zao zimetulia kama za watu wanaosali. Ulipofika wimbo mmoja wa Kikongo nikaujua kabla hajamaliza kidokezo cha kwanza, lakini nikanyamaza. Wimbo ule nilikuwa nao kwa jina moja tu, na jina hilo nilishaona linavyochekwa.

Wewe uliyekulia na redio ya betri utanielewa. Kwetu Kagoma, wilaya ya Muleba, redio ilikuwa ya bibi, na ilikaa dirishani kwa sababu ndani haikushika. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na kahawa, na zilipata nguvu ya nusu saa hivi, ya kutosha kusikiliza taarifa ya habari na vifo. Jumamosi mchana peke yake ndiyo bibi aliruhusu muziki. Tulikaa uani tukimenya ndizi, vidole vimeganda utomvu, maharage yanachemka, na redio inakuja na kuondoka kadiri upepo wa ziwani ulivyopenda.

Kwa hiyo majina ya nyimbo hatukuyapata. Mtangazaji akifika kwenye jina, ndipo mawimbi yanapokatika, au bibi anatuma mtu kisimani. Tuliyatunga wenyewe. Kulikuwa na Wimbo wa Kikohozi, kwa sababu mwimbaji alikohoa mwanzoni na kikohozi hicho hakuna aliyekifuta. Kulikuwa na wimbo wa Kizungu ambao bibi alishikilia kwamba yule mzungu anasema mpeni Rosa ndizi, na kila ukipigwa aliuliza kwa nini huyo Rosa hapewi. Hatukuona kosa lolote. Nyimbo zilikuja kwetu, tukazipokea kwa lugha tuliyokuwa nayo.

Uliotushika kuliko zote ni huo wa Kikongo. Kiitikio chake sisi tulikisikia kwa Kihaya, wazi kabisa: tata yaija. Baba amekuja. Mtu alirudia hivyo mpaka wimbo ukaisha, gitaa likimfuata, na kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado anajifunza kutamka, alikuwa anaacha kila kitu anakwenda kuchungulia njiani. Tulimcheka. Sasa nikifikiri, sioni kilichochekesha.

Baba yetu alikuwa visiwani, huko ziwani. Kahawa ilipomkatisha tamaa aliwaachia mama na bibi kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, akaenda kununua samaki kwa wavuvi na kuwauza nchi kavu. Mwanzoni alirudi kila mwezi. Baadaye akawa anarudi kwenye sikukuu, kisha sikukuu nazo zikawa zinapita. Watu walisema mambo ya visiwani, kwamba wanaume wengi kule wana nyumba nyingine. Mama aliyasikia akaendelea kupalilia. Hakuwa mtu wa kusema.

Mwaka ule nilikuwa nimefundishwa katekisimu na ningepokea Komunio ya Kwanza. Nitasema kweli, mawazo yangu yalikuwa kwenye gauni jeupe; baba aje, asije, gauni lingevaliwa. Dada yangu mkubwa ndiye aliyelibeba jambo hilo. Kila alipokwenda gulioni aliwapa wauza samaki ujumbe, na jibu lilirudi lilelile: amesikia, atakuja. Dada alisema mtu akiambiwa pembeni anaweza kujifanya amesahau. Akitajwa redioni, mbele ya kisiwa kizima, atasemaje?

Redioni kulikuwa na kipindi cha nyimbo zilizowahi kushika namba moja. Mtangazaji alitoa vidokezo vitatu, wasikilizaji wakapiga simu kubuni, na aliyepatia alipewa nafasi ya kutuma salamu kwa amtakaye, hewani, kwa mdomo wake mwenyewe. Wavuvi walikisikiliza sana. Dada alijiandaa kwa kipindi kile kama mtihani wa darasa la saba. Alijua mwimbaji gani alikuwa kinyozi kabla ya kuimba, bendi gani ilivunjika kwa ajili ya ngoma iliyoibiwa, wimbo upi ulipigwa kwenye kila basi la Mwanza. Salamu zenyewe alizitunga akazirudia akiosha vyombo: Baba, Jumapili ya Komunio tunakungoja, usiseme hukuambiwa.

Simu ya mkononi pale jirani alikuwa nayo katekista peke yake, mtu mpole, mwenye kuogopa kumnyima mtoto kitu. Mtandao ulishika sehemu moja tu ya shamba lake, juu ya kichuguu kilichokuwa mpakani na kwetu. Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya Komunio, dada akapanda kichuguu, katekista akiwa chini yake kama anayemshikia ngazi.

Mtangazaji akasoma. Mwimbaji wa wimbo huu alikuwa fundi cherehani. Wimbo ulikaa namba moja mpaka wasikilizaji wakaomba ushushwe. Na unaanza kwa gitaa peke yake, kisha kiitikio kinarudiwa mpaka mwisho. Uani tuliacha kumenya. Hata mama aliweka kisu chini. Wote tuliujua.

Simu ikapokelewa. Dada, kwa haraka, hakusalimia wala kujitambulisha.

"Tata Yaija!" alisema. Sauti ikatufikia mara mbili, ya kichuguuni na ya redioni, ya redioni ikiwa nyembamba zaidi.

"Nini?" mtangazaji akauliza.

"Tata Yaija. Ndio wimbo wenyewe."

"Dada yangu, wimbo huo mimi siufahamu. Hebu tuimbie."

Akaimba. Aliimba vizuri, kiitikio chote, kwa Kihaya safi. Studioni watu wakaanguka kicheko, hata mtu wa pili ambaye hatukujua yupo akasikika akikohoa kwa kucheka. Mtangazaji alipopata pumzi akasema kwamba gitaa analitambua lakini maneno hayo ni mapya kwake. "Unapiga kutoka wapi, dada?"

"Kagoma, Muleba."

"Na jina?"

Akataja jina lake, la kwake na la baba.

"Pole sana, mrembo wa Kagoma. Jaribu tena wiki ijayo." Ikakatwa. Mtu mwingine akapiga, akataja jina halisi, na akamsalimia shemeji yake na mafundi wote wa gereji. Jina halisi lilikuwa la mwanamke. Mwimbaji hakuwa anasema baba amekuja. Alikuwa anamlilia mwanamke aliyemwacha Kinshasa.

Bibi aliizima redio mwenyewe. "Hao ndio hawasikii," alisema. "Tata yaija, ndivyo anavyosema, waitu. Masikio ninayo."

Dada alirudi akakaa, akachukua ndizi akaendelea kumenya. Katekista alisimama kwenye migomba na simu yake, hajui kama aingie au aende. Jumamosi iliyofuata dada alipiga mpaka kipindi kikaisha, hakupokelewa. Shuleni walishamwita Mrembo wa Kagoma, na hawakuwa wanamsifu.

Ijumaa ya kuamkia wikiendi ya Komunio, mchana, baba akaja. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amebeba sangara aliyefungwa kwenye jani la mgomba, na amevaa shati ambalo hatukulijua. Bibi akapiga vigelegele. Mama akaleta maji ya kunawa. Sisi tulipiga magoti tukamsalimia kwa zamu, na kitinda mimba akajificha nyuma ya mama, kwa kuwa huyu hakuwa mtu anayemfahamu.

Aliuliza habari za kahawa. Aliuliza habari za paa. Kisha akamwita dada akae karibu naye kwenye benchi, na akasema bila kumtazama.

"Tulikuwa kwenye kibanda cha chai, mimi na wenzangu. Redio inazungumza. Msichana akaimba. Tulicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote. Mpaka aliposema Kagoma. Sikuijua sauti yako, mwanangu."

Hakuna aliyetarajia hilo. Tulifikiri atatania, au atamgombeza dada kwa kulitaja jina lake redioni. Dada alimtazama yule mwanamume kwa muda, shati lake, mikono yake iliyokatwakatwa na mapezi ya samaki.

"Hata mimi yako nilikuwa nimeisahau, baba," alisema. Halafu akachukua samaki akampeleka jikoni, maana jua lilikuwa kali na angeharibika.

Jumapili baba alikaa benchi la mbele kanisani. Baada ya hapo alirudi visiwani, lakini mwisho wa kila mwezi tulimwona, na alipozeeka akaacha biashara ya samaki, akabaki kwenye kibanja chake akigombana na kahawa. Hakuwa msemaji. Alifariki kabla sisi hatujawa na simu za kurekodi sauti, na hatukuwahi kufikiri kwamba ni kitu cha kurekodi.

Redio ya bibi haipo, kichuguu kililimwa, na watoto wa Kagoma sasa wanajua jina la kila wimbo na tafsiri yake. Ni vizuri, siwalaumu. Ule wa Kikongo nimeukuta kwenye simu yangu, umesafishwa, kila chombo kinasikika peke yake. Niliusikiliza mara moja nikiwa na dada. Alisema kumbe mwimbaji anatamka vizuri tu, tena mtu angeshangaa tulikoseaje. Kisha akaniuliza kama ninaikumbuka sauti ya baba siku ile kwenye benchi. Nikamwambia ninayakumbuka maneno, neno kwa neno. Sauti sinayo. Akasema hata yeye hana.