Njia Isiyokwenda kwa Mtu

Wazungu walipofunga virago pale Tororo walituachia vitu vitatu: ofisi, soksi ndefu, na ugonjwa wa kutembea bila sababu. Ofisi tuliigawana mchana mmoja. Soksi zilitubana miguu hadi vidole vikafa ganzi, lakini tulivumilia, maana uhuru nao una adabu zake. Ugonjwa ule wa tatu ndio ulionitafuta mimi.

Nilikuwa kibarua katika ofisi moja ya mjini ambayo siitaji, kwa sababu baadhi ya wakubwa wake bado wako hai na wengine wamekufa wakiwa na wajukuu wakali. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai na kuhamisha mafaili kutoka meza iliyojaa hadi meza iliyojaa zaidi. Lakini nilikuwa na cheti cha shule ya usiku. Tulikuwa wanafunzi mia tatu kwa taa moja ya kandili na kitabu kimoja, tumekizunguka pande zote, ndiyo maana hata leo nasoma gazeti likiwa limepinduliwa bila taabu yoyote. Mtu mwenye elimu ya namna hiyo hafai kufagia. Hilo nilikuwa nimeshaliona mimi. Ilibaki ofisi tu ilione.

Kwa kuwa ofisi ilichelewa kuliona, nilitangulia kumwandikia mama kule Masafu, kwetu Wasamia, kwamba nimekwisha kuwa karani, nina meza na kiti. Barua ilisomwa mbele ya watu. Mama akajibu kwa mkono wa katekista kwamba baada ya mavuno atakuja Tororo kuiona meza hiyo kwa macho yake, na atakuja na shangazi zangu wanne ili wawe mashahidi.

Basi siku moja mkuu wangu akaniita. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kutangaza misiba.

"Wewe unazijua njia za huku nje?"

"Nazijua hata nikifumbwa macho, mzee."

"Tunataka njia ya matembezi. Itoke hapa ofisini, izunguke vijiji, ipande mwamba hadi kileleni, kisha irudi hapa."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Tutakuwa tumesahau nini, mzee?"

Hakucheka. Akanieleza kwamba mgeni mkubwa kutoka makao makuu anakuja kuifungua njia hiyo, kwamba nchi zilizoendelea zina njia kama hizo, na kwamba watu hulala vizuri baada ya kutembea. Nikataka kumwambia kwamba mama yangu ametembea na kuni kichwani tangu ubikira wake na hajawahi kulalamikia usingizi, lakini nikanyamaza, maana alikuwa ameanza kuyasema yaliyonihusu.

"Mgeni akifika kileleni kabla ya saa sita na akarudi salama, ile meza ya karani iliyo tupu ni yako. Asipofika, hata huo ufagio nitautafutia mwenyewe mwingine."

Sasa hapa lazima niungame. Mwamba ule wa Tororo, ambao unauona ukiwa Busia, ukiwa Kisoko, na wengine huapa kwamba wanauona wakiwa wamelala, sikuwahi kuupanda hata siku moja. Apande nani? Juu kule hakuna jamaa, hakuna shamba, hakuna hata mtu wa kugombana naye. Kwetu njia haijitokezei ovyo. Njia ya Busia inakwenda kwa wauza samaki. Njia ya Kisoko inakwenda kwa wajomba. Njia ya Tiira inakwenda kwa wale wachimba dhahabu ambao kila mwaka wanakaribia kutajirika. Kila njia mwishoni ina mtu. Hii ya ofisi ilikuwa ya kwanza isiyokwenda kwa mtu yeyote, na mimi ndiye niliyepewa kuizaa.

Nilichonga vibao thelathini, nikavipaka rangi nyeupe, nikachora mshale mweusi kwenye kila kimoja, na mkuu wangu akavigonga muhuri wa ofisi, kimoja kimoja, kama anayebatiza. Nikavisimika kwa siku mbili nikipita kando ya miji ya watu, maana huku kwetu kila ua huitwa mji, hadi chini ya mwamba. Kuanzia hapo kwenda juu sikusimika hata kimoja; kilele kijitafutie wageni wake. Niliporudi asubuhi ya tatu kuvikagua, kibao cha kwanza kilikuwa kimegeuka. Mshale ulikuwa unaelekea ndani ya mji wa mama mmoja mzee, sawa na mlango wake.

Nikakigeuza. Mwenyewe akatoka na ungo mkononi na Kiswahili chake cha kuokota sokoni.

"Wewe mtoto ya Wasamia, mimi nakukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, nyanya. Naweka kibao tu."

"Kibao naonyesha wageni kwa jirani. Mimi, kibao nanipa mgongo. Watu nasema nini? Watasema huyu mama iko mchawi, ama iko mchoyo, ndiyo serikali naandika ubao watu wasiingie."

"Nyanya, hawa wageni hawaendi kwa mtu. Wanapita tu."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli, kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyekula nailoni.

"Mtu naacha bibi yake, naacha chakula, napita tu? Hiyo iko ugonjwa. Lete yeye hapa, mimi nampa karanga."

Akakigeuza tena kibao mbele ya macho yangu, akakishindilia kwa kisigino. Na alikuwa na haki, ndiyo taabu yenyewe. Huku kwetu mji ambao wageni wanaukwepa ni mji wenye neno. Mtu akipita kando ya ua wako bila salamu, jioni majirani wanaanza kuhesabu waliokufa. Niliendelea mbele nikakuta vibao vyote thelathini vimekwisha kupata wokovu: kila kimoja kimegeukia mlango ulio karibu. Mwenye mji mmoja aliyekosa kibao alikuwa ameiba cha jirani.

Ningeweza kumwambia mkuu wangu. Lakini nilijiambia, kwa ile hekima ya shule ya usiku, kwamba siku yenyewe nitatangulia mimi mbele na watu watafuata mgongo wangu. Wakubwa hawasomi, nikajiambia. Wakubwa husomewa.

Jumamosi ikafika. Mgeni mkubwa alishuka garini akiwa na kaptura ya kaki, soksi hadi magotini, fimbo yenye ncha ya chuma, na viatu vipya vilivyolia kama kuku anayetaga. Tumbo lake lilitangulia kushuka, likasalimiwa, kisha akashuka yeye. Nyuma yake maofisa wanane, kila mmoja na fimbo. Ukituona ungedhani tunakwenda kuua nyoka mmoja mkubwa sana.

Nilitangulia. Tulipofika kwenye kibao cha kwanza nikakata kushoto.

"Ngoja," mkuu wangu akasema. "Mshale unaonyesha kulia."

"Ni kushoto, mzee. Niamini."

"Kibao kina muhuri. Wewe una muhuri?"

Mgeni mkubwa akacheka, na maofisa wanane wakacheka kwa zamu, kwa kufuata vyeo. Ningesema nini? Nikisema vibao vimegeuzwa, nimejitia kitanzi mwenyewe. Tukaenda kulia, tukaingia uani kwa nyanya, ambaye alikuwa ameshapanga viti tangu alfajiri.

Tulikula karanga. Tukala viazi. Kuku aliyekuwa akitushangaa tulipoingia tulimkuta sahanini kabla hatujamaliza kutajiana habari za nyumbani. Nyanya alimshika mgeni mkubwa mkono kwa muda mrefu.

"Mama yako iko mzima?"

"Yuko, mama. Mzima kabisa."

"Wewe naenda kwake lini?"

Mgeni mkubwa akatazama viatu vyake. "Kazi ni nyingi, mama."

"Kazi ya kupanda mawe," nyanya akasema, akamwongezea mchuzi.

Tulipotoka, kibao cha pili kikatupeleka mji wa pili, na huko nako kulikuwa na kuku. Ukikataa chakula cha mji wa pili baada ya kula cha mji wa kwanza, umeanzisha vita. Cha tatu kikatupeleka kwa mtu aliyeiba kibao, naye alikuwa amechinja mbuzi kwa kuonyesha kwamba hakukiiba bure. Saa tano ilitukuta mji wa nne. Mwamba ulikuwa pale pale, umekaa juu yetu kama mwenye nyumba anayesubiri wapangaji wamalize maneno. Nami nilikuwa naiona meza yangu ikitembea kurudi stoo kwa miguu yake minne.

Mji wa tano ulikuwa na chungu. Pombe ya wimbi, ule ulezi wetu, maji ya moto yamekwisha kumiminwa, mirija mirefu imesimama ndani, na wazee sita wamekizunguka kimya kwa ibada ambayo hata kanisani sijaiona. Mmoja akafuta ncha ya mrija wake kwa kiganja, akamkabidhi mgeni mkubwa. Mgeni mkubwa akavuta. Akafumba macho. Akavua viatu, akavua na soksi, na vidole vyake kumi vikazaliwa duniani vimekunjamana.

Nikamsogelea. "Bwana Mkubwa, saa inakaribia sita. Kilele bado."

"Kilele kinahama?"

"Hakihami, Bwana Mkubwa."

"Basi kaa."

Nikakaa. Tulirudi mjini saa kumi, fimbo tukizitumia kwa mara ya kwanza.

Kabla hajapanda gari, mgeni mkubwa alimwambia mkuu wangu kwamba njia ni nzuri mno, kwamba ripoti ya kufika kileleni imfikie Jumatatu, na iwe na saini ya karani kama kanuni inavyotaka. Gari likaondoka. Mkuu wangu akanivuta kando. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Mkono wake usingeandika uongo. Alihitaji mkono wa mtu mwingine.

"Utaandika," akaniambia.

"Nitaandika nini, mzee?"

"Kwamba tulifika."

"Ningependa sana kukusaidia. Lakini mimi ni mfagiaji. Saini ya mfagiaji makao makuu wataifungia njugu."

Alitafuta funguo mfukoni. Kisha akafungua kabati, akatoa karatasi ya kuniajiri, akaijaza kwa hasira, akaigonga muhuri mara mbili. Ile meza niliiburura mwenyewe hadi dirishani, mama na shangazi wanne waione tangu barabarani, nikakaa, nikaandika kurasa saba. Niliandika jinsi Bwana Mkubwa alivyotupita sote kwa kasi. Niliandika upepo wa kileleni. Niliandika kwamba kaskazini tuliuona mlima Elgon hadi mapango yake, kusini ziwa pamoja na wavuvi na nyavu zao, na kwamba pale Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, watu walitupungia mikono nasi tukawapungia. Mkuu wangu alisoma yote, akasema, "Umezidisha," akaituma.

Jumapili iliyofuata nilitoka peke yangu nikaenda kuupanda mwamba, nijue nimedanganya kiasi gani. Nilianza saa mbili nikitembea, kufika saa nne nilikuwa natambaa, na mahali pengine nilikwenda kwa tumbo kama kenge mwenye cheti. Saa sita nikafika. Elgon ilikuwa imejifunika mawingu. Ziwa hakuna; kuna ukungu tu wa rangi ya majivu. Busia sikuweza kuitofautisha na vichaka. Chini niliona bomba la kiwanda, reli, na njia za watu, nyembamba, nyekundu, kila moja ikitoka ua huu kwenda ua ule. Hakuna hata moja iliyokuja niliko.

Nikakaa juu ya jiwe nikaipitia ripoti yangu kichwani, sentensi kwa sentensi, nikitafuta lililo kweli. Upepo. Upepo niliuandika, na upepo ulikuwapo. Nikashuka polepole kwa makalio, maana kesho yake ilikuwa Jumatatu, na karani hachelewi kazini.