Saini Moja katika Chumba cha Dobi

Kwa miaka tisa nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Diani, na miaka hiyo yote sikumbuki kula chakula cha mchana kikiwa moto. Saa ya mapumziko watu walipanga foleni mbele yangu, kila mmoja na lake: likizo, viatu vya mpira, msimamizi mwenye matusi. Yote niliyaandika katika daftari. Sheria za kazi nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kifungu baada ya kifungu, na sikuamini kwamba mtu mwingine angeandika sawasawa.

Tulikuwa na desturi iliyonitangulia pale. Mwezi wa Ramadhani sisi Wakristo tulichukua zamu za jioni ili wenzetu wafuturu nyumbani. Krismasi na Pasaka wao walitushikia zamu zetu. Yalikuwa mapatano ya mdomo. Mimi niliyaona ni ya hatari, nikakubaliana na meneja kwamba zamu haibadilishwi bila saini yangu. Nilijivunia sheria hiyo.

Ramadhani moja mjomba wangu alifariki kule Kinango, nikaenda matangani siku tatu. Daftari nililifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni. Siku ya pili mpiga pasi mmoja, mjane wa Msambweni mwenye watoto wanne, alitaka kubadilishana zamu na mwenzetu wa mashine za kufulia. Walinipigia simu; yangu ilikuwa imeisha chaji. Basi wakapatana wenyewe kama zamani. Kazi ilifanyika, halikubaki shuka hata moja. Lakini msimamizi alitazama orodha, akaliona jina la mama yule, mwenyewe hayupo, na saini ya kubadilisha zamu hakuiona.

Niliporudi nilimkuta yule mjane ameshika barua: aeleze kwa nini asifukuzwe kwa kutoroka kazini. Hakunilaumu. Alinipa tu niisome, kisha akarudi kwenye pasi.

Aliyenilaumu ni mama mtu mzima wa meza ya kukunjia shuka. Nilimwamkia shikamoo, aliitikia bila kuinua macho.

"Mzee wa kanisa, Musa alikuwa na mkwe. Wewe huna?"

"Mkwe wangu alishafariki, mama."

"Basi nisikilize mimi. Na usifikiri Musa ni wenu peke yenu. Huyo mkwewe sisi twamwita Nabii Shuaibu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Jumapili mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha kanisani kitabu cha Kutoka, sura ya kumi na nane. Nilichora ubaoni wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, ambao mkwewe alimshauri awaweke wamsaidie kuamua. Nilieleza vizuri jinsi Musa alivyokuwa akijichosha. Nilipoisoma tena sura ile niliona nilichokiruka: mkwewe alisema watachoka wote, Musa na watu wake. Watu walikuwa wamesimama tangu asubuhi hadi jioni wakimngoja mtu mmoja. Katika somo langu hawakuwamo.

Nilikwenda kwa meneja.

"Sheria ni yako, bwana," alisema. "Mimi naifuata tu."

"Kosa pia ni langu. Niliondoka bila kuacha mtu wa kutia saini. Nitaandika hivyo."

"Barua hiyo itakaa katika faili lako. Ukija tena kumtetea mtu, nitaitoa."

"Itoe."

Niliandika ukurasa mmoja, nikautia saini mbele yake. Barua ya yule mjane ilifutwa. Alinishukuru kwa sauti ndogo, nami nilitamani asinishukuru.

Tangu hapo kila kundi lilichagua mtu wake wa kutia saini. Mama wa meza ya kukunjia alipewa daftari la kwanza, la kundi letu sisi wa kukunja na kupiga pasi. Mwandiko wake ulikwenda upande, na tarehe nyingine alizisahau. Mara mbili nilitoa kalamu nimsahihishe, mara mbili akalifunika daftari kwa kiganja.

Ilipofika siku ya kwenda kuondoa matanga ya mjomba, nilihitaji kubadilishiwa zamu. Nilimwendea mama huyo saa ya mapumziko nikidhani nitaomba tu na kupita. Mbele yangu walikuwa watatu, yule mjane akiwa wa mwisho wao. Miguu iliniuma, na chakula changu kilikuwa kinapoa mezani.

"Mama, mimi ni neno moja tu," nilisema.

"Hata wao ni neno moja moja," alijibu. "Shika foleni, mzee wa kanisa."

Mjane alisogea kidogo ili nipate nafasi ya kuegemea ukuta.