Msingi Uliofukua Kaburi Mbele ya Wageni

Jamani, msicheke sana, maana mpaka leo nikiona mtu wa kanisa letu dukani naingiza kichwa kwenye friji ya maziwa kama nimepoteza kitu.

Nilikuwa namjengea mama nyumba kule Nakuru nikiwa huku ng'ambo, mjini Katy, kwa simu (mnajua vile sisi hujenga, ndugu yako anashika kamera na wewe unatoa amri), na siku ya kuanza msingi nikaalika watu asubuhi kwa chai na mandazi, kisha badala ya kutazama kimya kimya nikaunganisha simu na TV kubwa ya sebuleni ili wajue hata mimi nimefika. Katikati ya ploti kulikuwa na rundo la mawe. Mama aliniomba yaachwe, nami nikamjibu, "Mum, hayo ni mawe tu."

Mchungaji wetu akasimama pale sebuleni, akafumba macho, akanguruma, "Kila kilichofungwa chini ya ardhi hii, kifunguliwe!" Tukaitikia amina, mafundi wakasukuma bamba la jiwe, na chini yake, Mungu wangu, kulikuwa na chumba kilichojengwa kwa mawe pande zote, na ndani mifupa ya mtu aliyelala amekunja magoti, fuvu limejaa TV yangu yote! Binti yangu akauliza, "Mum, is that a real person?" na mchungaji bado anaomba, macho kafumba.

Natafuta rimoti nizime (kumbe nimeikalia), mara kwenye TV akatokea mwanamke mmoja, afisa wa mambo ya kale mwenye kitambulisho shingoni, akipiga kelele, "Simamisheni! Hili ni kaburi la wafugaji wa kale, lina maelfu ya miaka, linalindwa na sheria! Mwenye ploti ni nani?"

Ndugu yangu, bila haya, akamwelekezea simu. "Ni huyu, madam. Na hao nyuma yake ni mashahidi."

"Mimi nilikuja chai tu," mzee wa kanisa akasema, akichukua koti.

Nikaona nyumba ya mama imekwenda, na mimi siku nikishuka ndege napokewa na pingu. Kwa sauti ya kulia nikauliza ni nani aliyemwita afisa.

Uso wa mama yangu ukajaa kwenye TV. "Ni mimi. Kwa simu ulikataa kunisikia. Uliposema leo utaniweka kwa TV, nikasema basi, huko utanisikia."

Bamba lilirudishwa, kaburi likazungushiwa ua, na nyumba ikahamia pembeni, ndogo kuliko nilivyojigamba. Mama anasema hajawahi kupata jirani mtulivu hivyo. Mimi siku hizi akianza tu kusema naitika "sawa, Mum" kabla hajamaliza, na msingi mwingine nikiujenga nitautazama chooni, peke yangu, mlango nimefunga.